Polikaboneti: namna ya kuikata, kuitoboa na kuiezeka bila kuiua

Saa tatu asubuhi, jua likishapanda juu ya vilima vya Kigoma, simama chini ya paa la plastiki angavu utege sikio. Ukisikia linalia tak... tak... tak, ujue aliyelifunga amelibana. Shiti inataka kutanuka, skrubu zinaikatalia, na kila mlio ni shiti inapochoropoka kidogo chini ya wosha, kile kiduara kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu. Siku ikikosa pa kuchoropokea, itapasuka. Mimi huusikia mlio huo nikipita mtaa wa Mwanga, nausikia mtaa wa Gungu, na kuna kibaraza kimoja Ujiji kinacholia hivyo kila asubuhi ambacho nilikifunga mimi mwenyewe, kabla sijajua ninachofanya. Mwenye nyumba alidhani ni paka.

Kazi yangu ni aluminiamu na vioo. Nilianza kwa kukata vioo vya madirisha, nikahamia kwenye kuezeka mabati, na polikaboneti, yaani hiyo plastiki angavu ya paa, ikanikuta na kiburi cha kazi zote mbili. Nikaikata kama kioo, nikaipigilia kama bati. Ilinitoa jasho. Sasa inanilisha, maana natengeneza vikaushio vya dagaa kwa akina mama wa mwalo wa Kibirizi, na humu nitaeleza kazi yenyewe tangu dukani hadi kikaushio kisimame.

Tuanzie dukani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoibiwa. Jina "bati la kioo" huku kwetu linabeba vitu vinne tofauti: fiba ya nyuzi za kioo, PVC angavu (ndugu wa plastiki ya mabomba ya maji), akriliki, na polikaboneti yenyewe. Fiba utaijua kwa macho tu, nyuzi zinaonekana ndani kama nywele zilizolala. Hizo nyingine zinafanana. Omba kipande cha upana wa vidole viwili, ukikunje kwa mikono. Akriliki itavunjika kwa mlio kama ukuni mkavu. Polikaboneti itapinda, utaipinda tena, itakukasirisha. Ukiwa bado na shaka, toka nje na kiberiti. Polikaboneti hutoa moshi mweusi wenye masizi, na ukiondoa moto inazimika yenyewe upesi. Akriliki huendelea kuwaka taratibu hadi iishe, na harufu yake ina utamutamu kama wa matunda. PVC moshi wake unachoma pua, usiuvute. Kuna muuzaji aliwahi kuniambia nitumbukize kwenye ndoo ya maji, "ikizama ni polikaboneti." Usimsikilize mtu wa namna hiyo. Polikaboneti ina uzito wa gramu 1.20 kwa kila sentimita moja ya ujazo, akriliki ina 1.19. Zote mbili zinazama.

Kwa kujifunza bila hasara, tafuta CD ya zamani. Ile ni polikaboneti, unene milimita 1.2. Ipinde uone inavyovumilia. Itoboe kwa drili. Kisha weka tone moja la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwenye upande wake angavu, uone inavyogeuka nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Hilo tone moja limenifundisha zaidi kuliko maneno ya wauzaji.

Shiti zenyewe ziko za aina mbili kubwa. Kuna shiti nzima, iliyojaa kama kioo, na kuna shiti ya matundu, ambayo ndani ina vijia virefu vya hewa kutoka mwanzo hadi mwisho kama mabua yaliyopangwa. Ya matundu inakuja kwa unene wa milimita 4, 6, 8, 10 na kuendelea, upana mita 2.1, na urefu mara nyingi mita 5.8, kipimo kinachoingia kwenye kontena la futi 20. Kwa kikaushio natumia ya milimita 6 isiyo na rangi. Usikubali kuuziwa ya kahawia au ya maziwa kwa sababu "inapendeza". Jua ndilo tunalolitafuta.

Sifa zake nakutajia zile tu zinazobadilisha namna ya kushika nyundo. Shiti nzima ya milimita 3 ina uzito wa kilo 3.6 kwa mita ya mraba; kioo cha unene huo ni kilo 7.5. Ya matundu ya milimita 6 ni kilo moja na nusu au pungufu, mtoto anaibeba. Mwanga, shiti nzima inapitisha karibu asilimia 90, ya matundu karibu 80. Joto inavumilia hadi nyuzi 120 hivi kabla ya kupoteza umbo, na huanza kulegea kweli ikikaribia 150. Na ugumu wake wa kustahimili kupigwa, huo ndio uliofanya wapewe askari ngao zake. Pale Ujiji, penye miembe mikubwa ambayo watalii huja kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kuna kibaraza nilichoezeka chini ya mwembe. Msimu ukifika, maembe yanadondoka usiku kucha. Yanadunda, yanabingirika, watoto wanayaokota asubuhi. Kioo cha milimita 4 pale kisingemaliza wiki.

Lakini huyu asiyevunjwa na embe anakwaruzwa na kitambaa kikavu chenye vumbi. Na anatanuka. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu karibu makosa yote ya mafundi yanatokea hapa.

Polikaboneti inatanuka karibu milimita 0.07 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Chuma ni 0.012 tu, aluminiamu 0.024. Chukua shiti ya mita 3. Alfajiri ina nyuzi 20, saa saba mchana juani ina nyuzi 60. Tofauti ni 40. Zidisha: 3 mara 0.07 mara 40, unapata milimita 8.4. Papi ya chuma, yaani mhimili unaoibeba shiti kwa chini, kwa mita hizohizo tatu imetanuka milimita moja na nusu. Kwa hiyo kila siku ya Mungu shiti inasafiri karibu milimita 7 juu ya papi na kurudi. Ukiipigilia kwa skrubu inayojitobolea yenyewe, kama tunavyofanya kwa mabati, umeifunga kamba shingoni. Mimi naacha nafasi ya milimita 3 kwa kila mita ya shiti, iwe ni kwenye tundu la skrubu au ndani ya reli ya aluminiamu, na paa zangu siku hizi hazilii.

Nisogee kando kidogo nieleze ilikotoka, kwa sababu inasaidia kuelewa tabia zake. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, waliipata kila mmoja kivyake, bila kuambizana. Fox alikuwa anatafuta kitu cha kupaka nyaya za umeme. Mjerumani akaiita Makrolon, Mmarekani akaiita Lexan, na majina hayo bado unayaona kwenye nailoni ya shiti za bei mbaya. Kiwandani inaanza kama punje ndogo angavu, mfano wa mchele. Kabla ya kuyeyushwa, punje zinakaushwa kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 120 hadi maji yaliyobaki yawe chini ya asilimia 0.02. Ndipo zinaingia kwenye mashine, zinayeyuka kwenye nyuzi 280 hadi 320, zikasukumwa kwenye kinywa chembamba zikatoka shiti, au zikadungwa kwenye umbo zikatoka kioo cha taa ya gari. Zikiingia na unyevu, maji yanakata minyororo ya plastiki ikiwa motoni, na kitu kinachotoka ni dhaifu, kimejaa mistari na mapovu.

Nilikuja kuelewa habari ya unyevu baada ya kuharibu shiti nzima ya milimita 4. Mteja alitaka kioo cha mbele cha boti, kilichopinda. Nikawasha jiko la mkaa, nikaipitisha shiti juu juu, nikingoja ilainike. Ililainika, ndiyo, lakini ilitoka malengelenge mwili mzima kama mtu aliyemwagikiwa uji. Unyevu wa hewa ya ziwani ulikuwa umeshanywewa na shiti, na moto ukaugeuza mvuke. Anayetaka kupinda kwa moto lazima kwanza aikaushe shiti kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa nyingi, na kadiri ilivyo nene ndivyo saa zinavyoongezeka. Kisha aipashe mstari wa kupinda hadi nyuzi 155 au 160, pande zote mbili, kwa kipimo. Sina oveni ya ukubwa huo. Kwa hiyo napinda kwa baridi: shiti nzima nyembamba, ya milimita 2 au 3, inakubali kukunjwa kwenye mashine ya kukunjia bati, mradi ulimi wa mashine uwe wa mviringo na si mkali, na uipitishe kidogo kuliko pembe unayotaka kwa sababu itarudi. Ya matundu usiikunje kabisa. Unaweza kuikalisha kwenye upinde mpana tu, na kanuni yake ni unene mara 175. Ya milimita 6 haitaki upinde wa nusu kipenyo chini ya mita 1.05, na upinde ufuate urefu wa vijia, usivivunje kiuno.

Kanuni hiyohiyo ikumbuke wakati wa kusafirisha. Shiti zetu zinatoka Dar es Salaam, na wapakiaji wanapenda kuzikunja kama mkeka ziingie popote. Zikifika zimekunjwa kwa nguvu siku nne, zina mistari myeupe. Ni bora zikatwe vipande huko huko, zilale bapa. Na zikifika usiziache juani zikiwa zimerundikana na nailoni yake. Nailoni inashikana na shiti, utaing'oa kwa kucha mwezi mzima.

Sasa kukata. Fundi kioo, weka almasi yako chini. Kioo unakikwaruza mstari, unakipa pigo, kinakatika. Akriliki nayo inakubali. Polikaboneti haikatiki hivyo. Utaikwaruza hadi uchoke. Ya matundu ya milimita 4 na 6 naikata kwa kisu kikali cha blade za kuvunja, mpitisho wa kwanza ngozi ya juu, wa pili kuta za ndani, wa tatu ngozi ya chini, rula ya chuma ikiwa imebanwa pande zote mbili. Ya unene zaidi, na shiti nzima, tumia msumeno wa umeme wenye meno madogo mengi, shiti ikiwa imelazwa juu ya ubao na kubanwa isitetemeke. Grenda na jiwe lake, hapana. Jiwe halikati, linayeyusha, na plastiki iliyoyeyuka inagandia kwenye ukingo kama nta ya mshumaa. Usitoe nailoni ya kinga wakati wa kukata. Chora vipimo juu yake kwa penseli. Kalamu za wino mzito zenye harufu ya tina ziache dukani.

Ukimaliza kukata ya matundu, ndani ya vijia kutakuwa na unga. Unga huo una umeme wa msuguano, unang'ang'ania. Upulize kwa kompresa mara hiyohiyo. Ukiufungia ndani, utauona hadi shiti inakufa.

Kutoboa ni rahisi: biti za kawaida za chuma, mwendo wa polepole, bila oili. Narudia, bila oili. Biti ikipata moto, ipoze kwa maji safi. Tundu liwe mbali na ukingo angalau sentimita 4. Kwa skrubu ya milimita 6 na kipande kisichozidi mita 2, natoboa milimita 12. Tundu la katikati tu ndilo nalitoboa la kubana, hilo ndilo nanga. Shiti itanuke kutoka hapo kwenda pande zote. Kila skrubu ina wosha pana ya chuma yenye mpira mweusi chini, ule mpira wa EPDM. Mpira wa PVC, hata uwe rahisi vipi, una mafuta ya kulainishia yanayohamia kwenye shiti na kuipasua taratibu. Kaza hadi mpira uguse, kisha robo mzunguko. Nina kipimo changu cha vidole: nikishika wosha iweze kuzunguka kwa taabu. Mpira ukitokeza pembeni kama mdomo ulionuna, umekaza kupita kiasi.

Upande wa jua ndio kosa lililonigharimu pesa nyingi kuliko yote. Polikaboneti tupu inaharibiwa na miale ya jua, inageuka njano, kisha inakuwa kama biskuti. Ndiyo maana kiwandani wanaipa ngozi ya kinga, nyembamba kuliko unywele, na kwa shiti nyingi inakuwa upande mmoja tu. Upande huo umeandikwa kwenye nailoni: utakuta neno UV au mchoro wa jua. Nailoni ikishatolewa, macho yako hayawezi kutofautisha. Kijana wangu alivua nailoni zote chini "ili kurahisisha kazi juu," tukaezeka kwa kubahatisha. Mvua ya tatu haijaisha, shiti tatu kati ya saba zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tangu siku hiyo, nailoni ya juu inatoka shiti ikiwa imeshakaa mahali pake, na kabla ya kukata naweka alama kwa ncha ya msumari kwenye kona ya upande wa jua wa kila kipande.

Vijia vya shiti ya matundu vielekee kwenye mteremko, juu kwenda chini, ili maji ya mvuke yaliyomo yatiririke. Mteremko usipungue nyuzi 5, yaani sentimita 9 kwa kila mita. Mdomo wa juu uzibe kwa tepu ya aluminiamu isiyopitisha kitu. Mdomo wa chini uzibe kwa tepu yenye vitundu vya kupumulia, kisha uvike reli yenye umbo la U iliyotobolewa vitundu vya kutolea maji. Wengi wanaziba chini na juu kwa tepu moja nzito. Baada ya masika, ndani kunaota kijani kama tangi la samaki. Wengine hawazibi kabisa, na sisimizi wanahamia na familia zao.

Silikoni, chagua isiyo na harufu ya siki. Ile ya siki ina asidi, na shiti haiipendi.

Tufike kwenye kikaushio. Dagaa wetu wamezoea kuanikwa mchangani au kwenye chanja. Wakati wa kiangazi hakuna tatizo. Novemba ikiingia, mvua inakuja mara tatu kwa siku, akina mama wanakimbizana na maturubai, dagaa wanalowa, wanabadilika rangi, bei inaanguka. Nimeona kikaushio cha nailoni ya kawaida kikijengwa kwa nia njema. Upepo wa kusi ukakichana ndani ya mwaka. Tena nailoni ile inaachia joto litoke. Polikaboneti inapitisha mwanga wa jua kuingia, lakini joto linalorudishwa na chanja nyeusi haliruhusu litoke kirahisi.

Vipimo vyangu nimevipanga ili shiti moja ya 2.1 kwa 5.8 itoshe kikaushio kizima. Ikate vipande vitatu sawa, kila kimoja 2.1 kwa 1.93, ukikata kuvuka vijia. Viwili ndivyo paa: vilaze ubavu kwa ubavu, viunganishwe kwa reli ya aluminiamu yenye umbo la H, upate paa la mita 4.2 hivi, vijia vikishuka mbele. Fremu chini yake, ya skwea paipu, iwe na urefu wa mita 4.1 na kina cha mita 1.8. Sanduku la juu liwe na kimo cha mita 0.7 nyuma na 0.3 mbele, mteremko unakuja nyuzi 12 na ushee. Kipande cha tatu kinatoa mbavu na uso. Kwanza kata bamba la upana 1.8 na kimo 1.0, kisha ulikate mshazari, upate mbavu mbili zenye kimo 0.7 upande mmoja na 0.3 upande wa pili, moja kichwa juu nyingine kichwa chini. Kilichobaki kinatoa vipande viwili vya 2.1 kwa 0.3, ndio uso wa mbele. Vijia vyote vinasimama wima. Nyuma weka milango ya mbao iliyopakwa nyeusi kwa ndani.

Sanduku zima liwe kwenye miguu ya sentimita 70, mbuzi na mvua ya kurukia wasifike. Mbele chini acha mwanya wa sentimita 10 wa kuingizia hewa, nyuma juu kabisa mwanya wa 15 wa kutolea, yote ikiwa na wavu wa mbu. Bila mwanya wa juu umejenga sufuria, maana unyevu hauna pa kutokea. Papi za chuma zinazogusa shiti zipake rangi nyeupe, zisichemke na kuunguza shiti kwa chini, na usilaze shiti kabla rangi haijakauka na harufu kuisha. Ndani tundika kipimajoto. Nyuzi 45 hadi 55 ni nzuri. Ikipita 60 fungua milango, maana hapo dagaa anaiva badala ya kukauka. Mengine ya dagaa, unene wa kutandaza na saa za kugeuza, waulize akina mama, mimi nilijaribu kumwelekeza mmoja akaniambia, "Fundi, wewe shika bati lako, samaki niachie mimi."

Ukikuta michoro ya vikaushio vya Ulaya vyenye paa lililosimama nyuzi 45, usiige. Kule jua liko chini upeoni. Kigoma tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana jua liko utosini, mteremko mdogo unatosha.

Kusafisha: mwagia maji kwanza vumbi litoke, kisha maji ya sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha pamba, kisha maji tena. Hakuna steelwire, hakuna mchanga, hakuna majivu. Najua majivu yanang'arisha masufuria, lakini hapa yanakwaruza na magadi yake yanaila shiti. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, hapana. Tina, petroli, asetoni, hapana kabisa. Yule mteja wa boti hatimaye nilimfungia kioo bapa, kizuri, akaridhika. Wiki ya pili akadondoshea rangi, akaifuta kwa kitambaa chenye petroli ya injini. Asubuhi akanipigia simu: nyufa kama utando wa buibui kutoka kila skrubu. Petroli peke yake ingeweza kusamehewa, lakini skrubu zangu zilikuwa zimebana, na mahali palipobanwa ndipo petroli inapopasua. Tuligawana hasara nusu kwa nusu. Sikuwa na ubishi.

Ukishaijua, utaiona kila mahali. Vioo vya taa za mbele za magari vilianza kuwa polikaboneti miaka ya 1980, ndiyo maana magari ya zamani mjini yana macho ya njano: ngozi ya kinga imeisha. Miwani ya mtu wa grenda, kioo cha kofia ya pikipiki, lenzi za miwani ya watoto. Kofia za duara za wanaanga wa Apollo, wale waliokwenda mwezini, zilikuwa hivyohivyo. Ikichanganywa na ABS, plastiki nyingine ngumu, inakuwa maganda ya simu na kompyuta.

Na madumu makubwa ya maji ya dispensa, mengi ni polikaboneti. Tazama chini utaona namba 7, wakati mwingine na herufi PC. Hapa kuna tahadhari. Moja ya malighafi zake ni bisfenoli A, na moto au magadi makali yanaweza kuirudisha kidogo kwenye maji. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za watoto za polikaboneti yenye kitu hicho mwaka 2011. Kwa hiyo dumu hilo usilitie maji ya moto, usilisugue kwa sabuni ya magadi, na likianza kuwa na nyufa nyembamba kama nywele lipumzishe. Kwenye kikaushio dagaa hawaigusi shiti. Wanalala kwenye wavu.

Ukikata kama nilivyoeleza, kwenye kile kipande cha tatu kitabaki kimkanda cha sentimita 33 hivi. Usikitupe. Vya kwangu navikata viwili, naandika mwezi na mwaka kwa msumari, navifunga juu ya paa la karakana: kimoja upande wa jua juu, kingine nimekigeuza makusudi. Viko pale jozi kadhaa sasa, za miaka tofauti, kimoja angavu na mwenzake njano. Mteja akianza kubishana nami kuhusu upande wa shiti, simjibu kitu. Namletea ngazi.